Usiihukumu injini kabla ya kuikagua distribyuta

MMILIKI wa gari la zamani katika eneo la Naitiri, Kaunti ya Bungoma, anapoamua kuifungua injini na kuiunda upya, aghalabu hutumia fedha zilizotokana na jasho la msimu mzima wa mahindi.

Hununua ringi za pistoni, beringi na gasketi. Huipeleka silinda hedi kusawazishwa mjini Kitale au Bungoma, kisha akamlipa fundi ujira wake. Siku ya kuwasha inapowadia, injini iliyozila fedha hizo zote hukohoa, ikatema moto kupitia kabureta, ikalipuka ndani ya bomba la moshi na kukataa katakata kunguruma.

Hapo ndipo lawama huanza. Mwenye gari humshuku fundi kwamba amebadilisha vipuri. Fundi naye hudai gasketi ilikuwa bandia. Jirani ajuaye yote hutoa hukumu kwamba injini imekufa. Baada ya wiki kadhaa za mabishano, gari husukumwa nyuma ya nyumba likawa makao ya kuku, ama hupimwa kwa kilo na wanunuzi wa vyuma vikuukuu.

Hata hivyo, huenda injini yenyewe haina kasoro yoyote. Kilichovurugika ni mpangilio wa cheche, na chanzo chake ni kifaa kimoja kinachotoshea mkononi, yaani distribyuta, kilichorudishwa mahali pake bila kuzingatia pistoni zilikuwa wapi.

Kosa hili linazidi kuwa jambo la kuzungumziwa kwa sababu ujuzi wa kulizuia unapungua. Fundi kijana wa leo amejifunzia kazi kwenye magari kama Toyota Probox, lililoanza kuuzwa mwaka wa 2002. Injini yake ya 1NZ-FE haina distribyuta. Kila plagi ina koili yake na kompyuta ndiyo huamua wakati wa cheche.

Lakini katika maboma mengi bado kuna Peugeot 504, Land Rover za petroli, Datsun, Volkswagen za mgongo wa kobe na Toyota Corolla za miaka ya themanini na tisini. Magari hayo hutegemea distribyuta, nayo haina kompyuta ya kumsahihisha fundi aliyebahatisha. Matrekta na malori ya dizeli hayamo katika hesabu hii, kwani injini za dizeli hazitumii plagi za cheche.

Kazi ya distribyuta

Mfumo wa kuwasha injini kwa betri na koili ulitokana na kazi ya mhandisi Mmarekani Charles Kettering, na ulianza kutumika katika magari ya Cadillac ya mwaka wa 1910. Msingi wake ulidumu kwa sehemu kubwa ya karne ya 20.

Koili huupandisha umeme wa betri wa volti 12 hadi maelfu ya volti. Umeme huo huingia katikati ya kifuniko cha distribyuta, ukapokewa na rota inayozunguka, nayo rota huugawa kwa waya za plagi mmoja baada ya mwingine.

Ili kuelewa kwa nini nafasi ya rota ni muhimu kiasi hiki, ni sharti tukumbuke hatua nne za kazi ya kila silinda: kuvuta mchanganyiko wa hewa na petroli, kuugandamiza, kuuwasha, na kuutoa moshi. Katika hatua hizo nne, krankishafti huzunguka mara mbili lakini distribyuta huzunguka mara moja tu.

Katika injini ya silinda nne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, distribyuta hugawa cheche 100 kila sekunde. Kila mojawapo lazima ifike pistoni ikiwa imekaribia kilele cha hatua ya kugandamiza. Ikitangulia mno, mlipuko huipiga pistoni ingali ikipanda. Ikichelewa mno, nguvu hupotelea kwenye bomba la moshi.

Utata unatokana na jambo moja. Kwa kuwa krankishafti huzunguka mara mbili, pistoni ya silinda ya kwanza hufika kileleni mara mbili pia: mara moja ikigandamiza na mara ya pili ikitoa moshi. Alama iliyo kwenye puli ya mbele hulingana na kipimo chake mara zote mbili, na kwa kuitazama alama hiyo pekee huwezi kujua ni safari ipi.

Fundi akiidhania ya kutoa moshi kuwa ya kugandamiza, distribyuta itakaa nusu mzunguko kando, yaani digrii 180. Hapo cheche hutokea valvu zikiwa wazi, na ndiyo sababu injini hutema moto kupitia kabureta. Vyuma vyote ni vizima, ila umeme unafika katika silinda isiyostahili.

Kazi huanza kabla ya kuing'oa

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo unaifaa karakana kama unavyolifaa duka. Dakika 10 za kuweka alama kabla ya kuing'oa distribyuta huokoa siku nzima ya kubahatisha baadaye.

Kwanza, ondoa waya mmoja wa betri. Pili, kabla ya kuzichomoa waya za plagi, bandika nambari kwenye kila waya na pia kwenye tundu lake la kifuniko. Picha moja ya simu huongeza ushahidi, ingawa haichukui nafasi ya nambari.

Tatu, izungushe injini kwa mkono hadi silinda ya kwanza iwe kwenye kilele cha kugandamiza. Ondoa kifuniko na utazame rota inaelekea wapi. Kwa kutumia rangi au ncha ya msumari, weka alama kwenye kiwiliwili cha distribyuta mahali rota inapoelekea, kisha weka alama nyingine inayovuka kutoka kwenye kiwiliwili hicho hadi kwenye injini.

Nne, legeza boliti ya kuishikilia na uivute polepole ukiitazama rota. Ukiona rota inageuka kidogo inapopanda, jua kwamba gia yake ina meno ya mshazari. Weka alama ya tatu mahali rota iliposimama gia ilipoachana, kwani hapo ndipo utakapoanzia siku ya kuirudisha.

Ikiwa hedi haifunguliwi na distribyuta imetolewa kwa sababu ya kuvuja oili au kubadilisha kipuri, injini isizungushwe hata kidogo mpaka kifaa hicho kirudi. Mtu akigusa stata, alama zote za rota hupoteza maana.

Alama zikipotea

Injini ikiwa imefunguliwa yote, krankishafti imetolewa na alama za zamani hazisaidii tena. Hapo fundi lazima aitafute upya silinda ya kwanza.

Hakikisha kwanza kwamba mnyororo au ukanda wa taimingi umefungwa kwa kulinganisha alama za krankishafti na kamshafti. Distribyuta haiwezi kurekebisha kosa lililofanyika hapo, na katika injini nyingine kosa hilo huzifanya valvu zigongane na pistoni.

Kisha weka gia huru, vuta breki ya mkono, hakikisha ufunguo umezimwa, na uondoe plagi zote ili injini izunguke kwa wepesi. Ziba tundu la plagi ya silinda ya kwanza kwa kidole gumba au kitambaa kilichofinywa. Mwenzako azungushe boliti ya puli kwa spana, kuelekea upande injini inakozunguka kwa kawaida.

Hewa ikianza kukisukuma kidole, pistoni inapanda katika hatua ya kugandamiza. Endelea taratibu mpaka alama ya puli ilingane na sufuri ya kipimo. Hapo ndipo mahali unapopatafuta. Kama alama imelingana bila hewa kusukuma, zungusha mzunguko mmoja zaidi.

Kuna njia ya kuhakikisha. Fungua kifuniko cha valvu na uzitazame valvu za silinda ya kwanza. Zikiwa zimefungwa zote mbili, na roka zake zina ulegevu mdogo, uko sawa. Wakati huohuo valvu za silinda ya nne, katika injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, huwa zinabadilishana, moja ikimaliza kufunga na nyingine ikianza kufunguka.

Swali la silinda ya kwanza ni ipi si la kitoto. Katika magari mengi ya Kijapani na Land Rover, hesabu huanzia mbele, upande wa puli. Katika Peugeot 504, hesabu huanzia upande wa flaiwili, karibu na klachi. Fundi aliyezoea Toyota akiigusa Peugeot bila kuuliza, ataanza kazi kutoka silinda ya nne na kushangaa kwa nini kila kitu kimegeuka nusu mzunguko.

Magari hayo ya Peugeot yaliunganishwa humu nchini, mjini Mombasa, na sifa zake zilienea baada ya Ove Andersson kushinda mbio za Safari Rally akiendesha 504 mwaka wa 1975. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya mengine kusalia vijijini hadi leo, na sababu ya fundi kulijua jambo hili.

Kuirudisha mahali pake

Paka oili kidogo kwenye gia na uweke ringi mpya ya mpira ya kuzuia oili kuvuja. Katika baadhi ya injini, watengenezaji wameweka tundu dogo kwenye gia na mfuo kwenye kiwiliwili cha distribyuta. Vilinganishe kabla ya kuiingiza.

Kwa gia ya meno ya mshazari, usianze rota ikiwa imeelekea waya wa silinda ya kwanza. Irudishe nyuma kidogo hadi kwenye ile alama ya tatu. Distribyuta inaposhuka, meno yataisokota rota mpaka isimame mahali panapotakiwa. Ikisimama jino moja kando, ivute tena na ujaribu upya.

Injini nyingine hazina gia kwenye distribyuta yenyewe, bali ulimi wa chuma unaoingia katika mfuo usio katikati. Umbo hilo hufanya iwezekane kuingia kwa njia moja tu. Volkswagen ya mgongo wa kobe ni mfano, ingawa ulinzi huo hauna faida iwapo shafti inayoiendesha imetolewa na kurudishwa visivyo.

Distribyuta ikikataa kushuka hadi mwisho, usiigonge kwa nyundo wala usiivute chini kwa kukaza boliti. Katika baadhi ya injini, shafti hiyohiyo ndiyo huendesha pampu ya oili, na kilichozuia ni ulimi wa pampu usiolingana. Igeuze pampu kidogo kwa bisibisi ndefu kisha ujaribu tena.

Jambo hili si dogo. Distribyuta inayokaa nusu inaweza kuiacha pampu bila kuzunguka, na injini mpya ikakosa oili. Beringi zilizonunuliwa kwa bei ghali zinaweza kuungua ndani ya dakika chache. Ndiyo maana, injini inapowaka mara ya kwanza, taa ya oili ndiyo ya kutazamwa kabla ya kitu kingine chochote. Isipozimika katika sekunde chache, zima injini mara moja.

Mpangilio wa waya

Rota ikishakaa sawa, tundu la kifuniko inakoelekea ndilo la silinda ya kwanza. Waya nyingine hufuata upande rota inakozungukia, si kwa mpangilio wa moja, mbili, tatu, nne, bali kwa zamu ya kuwaka.

Kwa injini nyingi za silinda nne zilizo kwenye mstari mmoja, zikiwemo Peugeot 504, Land Rover za petroli na Toyota za familia ya A, zamu hiyo ni 1-3-4-2. Kwa Volkswagen ya mgongo wa kobe ni 1-4-3-2. Kama hujui, tafuta kitabu cha gari au uangalie maandishi kwenye injini yenyewe, usikisie.

Upande wa mzunguko hujulikana kwa kuondoa kifuniko na kuizungusha injini kwa mkono huku ukiitazama rota. Baadhi huzunguka kama mishale ya saa, nyingine kinyume chake. Mpangilio sahihi wa nambari ukiwekwa kwa upande usio sahihi, silinda mbili zitapokea cheche kwa wakati wake na mbili zitakosa, na injini itatetemeka kama mtu mwenye homa.

Kurekebisha taimingi

Kwa magari yenye pointi, pengo la pointi hurekebishwa kwanza, kwani kulibadilisha hubadilisha pia wakati wa cheche. Katika mashine nyingi za zamani pengo hilo huwa karibu milimita 0.4, lakini kipimo cha mtengenezaji ndicho cha kufuata.

Fundi asiye na taa ya taimingi anaweza kutumia balbu ya kawaida ya volti 12. Aizungushe injini hadi alama ya puli isimame kwenye digrii zilizoagizwa. Aunganishe upande mmoja wa balbu kwenye waya mwembamba unaotoka koili kwenda distribyuta, na upande wa pili kwenye chuma cha gari, kisha afungue ufunguo.

Aigeuze distribyuta kufuata upande wa mzunguko wa rota hadi balbu izimike, halafu airudishe kinyume chake polepole. Pale balbu inapowaka, pointi zimefunguka na cheche hutokea. Hapo akaze boliti.

Njia hiyo hutosha kuiwasha injini. Kipimo cha mwisho hufanywa kwa taa ya taimingi injini ikinguruma polepole, mrija wa vakyumu ukiwa umetolewa na kuzibwa kama kitabu kinavyoagiza. Kwa Toyota yenye injini ya 4A-FE, vituo vya TE1 na E1 huunganishwa kwanza ili kompyuta isiingilie, kisha taimingi huwekwa digrii 10 kabla ya kilele.

Kanuni ya kukumbuka ni moja. Kuigeuza distribyuta kinyume cha mzunguko wa rota huwahisha cheche; kuigeuza kufuata mzunguko huichelewesha.

Dalili na maana zake

Injini isiyowaka na inayotema moto kupitia kabureta na bomba la moshi inaashiria nusu mzunguko au waya zilizovurugwa.

Inayowaka lakini distribyuta imegeuzwa hadi mwisho wa mfuo wake bila kupata taimingi, imekosea jino moja.

Inayoipiga stata teke wakati wa kuwasha, na kugonga kama kokoto kwenye mkebe inapopanda mlima na mzigo, cheche yake inawahi. Mwendesha gari akiupuuza mlio huo, pistoni inaweza kutoboka.

Isiyo na nguvu, inayochemka na kunywa petroli kupita kiasi, cheche yake inachelewa. Hii ndiyo dalili inayowahadaa wengi, kwa kuwa gari linatembea. Mwenye gari huilaumu petroli au rejeta, na kila safari ya kwenda Kitale humgharimu zaidi ya inavyostahili.

Mwenye gari ana wajibu wake katika haya. Kabla injini haijafunguliwa, ana haki ya kumwomba fundi amwonyeshe alama alizoweka. Injini ikikataa kuwaka, aulize maswali matatu kwa heshima: silinda ya kwanza ilipatikana kwa njia gani, rota inaelekea wapi pistoni hiyo ikiwa kileleni, na waya zimefuata zamu ipi. Fundi anayeijua kazi yake atayajibu bila kukasirika.

Kwa fundi aliyejifunzia kazi chini ya mti, ujuzi huu hauhitaji shahada. Akitaka kutambuliwa, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) huwatahini mafundi wa magari kwa viwango, wakiwemo waliojifunza kwa kufanya kazi.

Kwa vyovyote vile, hedi isifunguliwe tena wala gasketi mpya isinunuliwe kabla ya ukaguzi huu. Ondoa kifuniko cha distribyuta, toa plagi moja, izungushe injini kwa mkono mpaka hewa isukume, na uitazame rota. Kazi hiyo inahitaji spana, bisibisi na takriban nusu saa. Rota ikiwa imeelekea upande mwingine, ugonjwa umepatikana, na gari linaweza kubeba mahindi msimu huohuo badala ya kusubiri mnunuzi wa vyuma vikuukuu.